Nzi bandia, nyungunyungu na haki ya kufika mtoni

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya mto katika kijiji kimoja cha tambarare, kusini mwa mji wa Moshi. Tuna kijito kinachotoka kwenye chemchemi na kuingia hatimaye katika Mto Pangani, na vijana wetu wamekuwa wakivua humo kwa mianzi, mishipi na nyungunyungu tangu enzi za babu zao. Mwaka huu wageni wachache wanaopenda uvuvi wa nzi bandia, wakiungwa mkono na mwenye shamba kubwa linalopakana na mto, wameomba kipande cha kilomita mbili kitengwe kwa wavuvi wa aina yao peke yao. Watalipa ada kila siku watakayovua, watawarudisha samaki wote majini, na wameahidi kupandikiza samaki wapya. Wanasema chambo cha mnyoo kinaua samaki lakini nzi bandia haiui. Je, ni kweli? Na je, kijiji kinaweza kuwafungia watu wake maji kwa sababu ya aina ya mshipi wanaotumia?

Jibu:

Ndugu Katibu,

Hoja ya wageni wenu ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo haufiki mbali kama wanavyoupeleka. Ili tuone unaishia wapi, ni lazima kwanza tuelewane kuhusu vifaa vyenyewe, kwa maana wanakijiji wengi watakaoamua katika Mkutano Mkuu hawajawahi kushika fimbo ya nzi bandia, na si vyema waamue juu ya jambo wanalolijua kwa jina tu.

Katika uvuvi tuliouzoea, uzito uko mwishoni mwa mshipi. Chubwi la risasi, au kijiko cha bati kinachozunguka majini, ndicho kinachouvuta uzi mwembamba wa nailoni hadi mahali mvuvi anapotaka. Nzi bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano ndogo ili zifanane na mdudu, na haina uzito wa kuvuta chochote. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umetengenezwa maalumu, na mvuvi huurusha nyuma na mbele hewani kwa fimbo ndefu inayopinda, mpaka upate kasi ya kuipeleka nzi yake juu ya maji. Ndiyo maana mvuvi huyu anahitaji nafasi wazi nyuma yake na hafurahii kuwa na mtu ukingoni karibu naye. Ndiyo maana pia samaki wake hunaswa mdomoni, kwa kuwa manyoya hayana ladha ya chakula, na samaki akiyauma huyatema mara moja asipokuwa ameshashikwa. Nyungunyungu ni chakula halisi. Samaki hummeza, na mvuvi anapovuta mwanzi, mara nyingi ndoano imeshafika kooni au tumboni.

Hapo ndipo hoja ya wageni ilipo na nguvu. Mwaka 1992 ulichapishwa Marekani uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti mbalimbali kuhusu trauti, samaki wa maji baridi, waliokamatwa kwa ndoano kisha wakarudishwa majini. Waliokamatwa kwa chambo cha asili walikufa kwa wastani wa takribani asilimia 31. Waliokamatwa kwa nzi bandia walikufa chini ya asilimia 4, na waliokamatwa kwa vyambo bandia vya aina nyingine, kama vile vijiko vya bati na visamaki vya plastiki, walikufa chini ya asilimia 5. Naomba mkutano usomewe namba zote tatu, maana wageni wamewatajia mnyoo na nzi tu. Tofauti kati ya mnyoo na nzi ni kubwa sana, lakini tofauti kati ya nzi na kijiko cha bati ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kubeba sheria ya kumwondoa mtu mtoni. Kinachoua ni kumeza ndoano, na namna mshipi unavyorushwa haina uhusiano wowote na kumeza. Anayetaka kulinda uhai wa samaki wanaorudishwa angetosheka na katazo la chambo cha asili katika kipande hicho. Akisema hatosheki, na kwamba hata mwenye kijiko cha bati aondoke, basi ana sababu nyingine, na mna haki ya kumwomba aitaje.

Nikumbushe pia kwamba namba hizo ni za trauti, ambaye hufa upesi. Kambale wenu ana kiungo cha kupumulia hewa na anaweza kukaa nje ya maji kwa muda mrefu bila kufa, na perege naye si dhaifu. Ndoano iliyoingia kooni ni mbaya kwa samaki yeyote, lakini msidhani kwamba theluthi ya kambale mtakaowarudisha wataelea kesho yake asubuhi.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo namba hizo zinalichukulia kuwa limeshaamuliwa, nalo ni kwamba samaki anarudishwa. Kijana anayevua perege watatu na kuwapeleka nyumbani kwa mama yake ameua asilimia mia moja ya samaki wake, na ndivyo alivyokusudia. Mvuvi wa nzi bandia aliye hodari, akikamata na kurudisha samaki hamsini kwa siku, na asilimia 4 yao wakafa baadaye chini ya mawe ambako hakuna anayewaona, ameua wawili. Tofauti kati ya watatu walioliwa na wawili waliooza haitoshi kumwita mmoja mharibifu na mwingine mhifadhi. Linalopaswa kuulizwa kwa wote wawili ni kama jumla ya samaki wanaokufa inazidi kile ambacho kijito kinazalisha. Jibu lake linapatikana kwa kuhesabu wavuvi na samaki, na kutazama aina ya fimbo hakusaidii.

Wageni wenyewe wana tabia moja inayostahili kuandikiwa sharti kabla ya nyungunyungu, nayo ni kupiga picha. Katika jaribio lililofanywa Kanada na kuchapishwa pia mwaka 1992, trauti waliochoshwa kwa kukimbizwa kisha wakaachwa ndani ya maji walikufa asilimia 12. Waliochoshwa vivyo hivyo kisha wakawekwa hewani kwa sekunde 30 walikufa asilimia 38, na waliokaa hewani sekunde 60 walikufa asilimia 72. Sekunde 60 ni muda wa kawaida kabisa kwa mtu anayemtafuta mwenzake mwenye simu, akamwinua samaki, akatabasamu, akaomba picha ya pili. Kama wanataka kurudisha samaki, wamfungue ndani ya maji, mikono ikiwa imelowa, kwa ndoano iliyobanwa kwa koleo kijino chake, yaani kile kinachoizuia isichomoke.

Kuhusu perege kuna jambo la ziada ambalo wavuvi waliojifunza kwa trauti hawalizoei. Perege jike wa jamii iliyoko katika mito yetu hubeba mayai mdomoni mwake, na hata vifaranga vikishaanguliwa hukimbilia humo vinapotishwa. Akinaswa wakati huo huvitema, na hata mkimrudisha akiwa mzima, kizazi chake kimekwisha kuliwa na samaki wengine. Kwa hiyo uvuvi wa kurudisha unaofanywa juu ya mazalia una hasara ileile, iwe ndoano imevishwa manyoya au mnyoo. Mahali na msimu vina uzito kuliko kifaa. Kambale hupanda kwenye maji ya kina kifupi yaliyofurika wakati wa masika ili kutaga, na hapo ndipo anapokamatwa kirahisi hata kwa panga. Kamati inayofunga vijito vya pembeni na majani yaliyofurika kwa miezi ya masika itakuwa imefanya zaidi kwa ajili ya samaki kuliko kamati inayopima unene wa mishipi ya watu.

Sasa niseme kuhusu vijana, kwa sababu sipendi ionekane kwamba nawatetea kwa upofu. Mmenieleza habari za mshipi tu, lakini najua vijito vya tambarare yetu, na pengine wapo wanaovuta vyandarua kama kokoro, au wanaoponda utupa, mmea wenye sumu ya samaki, na kuumwaga kwenye vilindi wakati wa kiangazi maji yanapopungua. Kama hilo lipo kwenu, basi mjadala wa nzi na nyungunyungu ni anasa. Chandarua hakichagui, hukusanya vifaranga ambavyo ndoano yoyote isingeweza kuvinasa, na utupa huua kilindi kizima. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni zake za 2009 zinakataza sumu, baruti na makokoro, na hapo hamhitaji sheria mpya, bali ujasiri wa kuitekeleza iliyopo hata kama mkosaji ni mtoto wa mjumbe. Bwawa la Nyumba ya Mungu mnalijua wote. Lilipojaa katika miaka ya 1960 wavuvi walimiminika kutoka kila upande, samaki wakafurika sokoni, kisha wakapungua, na Serikali imewahi kulifunga kwa muda ili wapumzike. Walioshusha samaki wale walikuwa na nyavu zenye macho madogo, siyo watoto wenye mianzi.

Mnaweza kujiuliza, kama sayansi haisemi hivyo, wazo la nzi peke yake limetoka wapi. Limetoka hasa Uingereza, ambako haki ya kuvua katika mto huandamana na umiliki wa ardhi, huuzwa na kukodishwa, na mwenye mto ndiye anayeamua wageni wake wavue vipi. Kwenye mito ya kusini ya nchi hiyo, yenye maji maangavu, mabwana wale hawakuishia kukataza mnyoo. Walianza kugombana wenyewe kwa wenyewe kama ni ungwana kutumia nzi inayozama au ni lazima ielee juu, na mwaka 1938 klabu yao moja huko London iliitisha mjadala rasmi juu ya hilo. Natumaini hilo linaonyesha jinsi ngazi za heshima katika uvuvi zilivyotungwa na watu kwa ajili ya watu. Samaki hakuhudhuria. Desturi hiyo ilisafiri pamoja na trauti. Trauti walipoletwa kutoka Uskoti na kupandikizwa katika Mto Gura nchini Kenya mwaka 1905, zilikuja pamoja nao fimbo, klabu na masharti ya nani aruhusiwe kusimama ukingoni.

Nisiwe mkali kupita haki. Yapo maeneo ambako sharti la nzi peke yake limewekwa na mamlaka ya umma, kwenye maji ya umma, na limedumu. Mto North Umpqua katika jimbo la Oregon, Marekani, una kipande cha takribani kilomita 50 cha aina hiyo, na wapo wavuvi wengi wanaokiheshimu. Sharti hilo lina faida moja ambayo siikatai: uvuvi wa nzi ni wa polepole na ni mgumu kujifunza, kwa hiyo hupunguza idadi ya watu na ya samaki wanaokamatwa. Lakini kupunguza watu kwa ugumu na bei ya kifaa ni namna ya kuchagua ni nani apunguzwe. Mwanzi, mshipi, ndoano na chubwi vinapatikana katika duka lolote la sokoni kwa fedha ambayo kijana hupata kwa kubeba mizigo. Fimbo ya nzi bandia, mshipi wake na gurudumu la kuukunjia kwa kawaida huagizwa kutoka nje. Ukiandika "nzi tu" katika kijiji cha Moshi Vijijini, umeandika majina ya wanaoruhusiwa bila kuyataja. Na msidhani kwamba maadili ya kuvua na kurudisha yanakubaliwa na wote huko Ulaya kwenyewe: nchini Uswisi, tangu mwaka 2008, kanuni za ulinzi wa wanyama zinakataza mtu kwenda kuvua akiwa na nia ya kumwachia samaki, kwa hoja kwamba ni kumtesa mnyama kwa burudani. Huko kijana wenu wa perege watatu ndiye aliye upande wa sheria.

Swali la pili ni la haki, nalo lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya, yaani maji na njia ya kuyafikia.

Kuhusu maji, msimamo wa sheria zetu uko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inasema rasilimali za maji ni za umma, zikiwa chini ya udhamini wa Rais. Mwenye shamba linalopakana na mto ana hati ya ardhi yake, hana hati ya mto. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto zinapoweza kuathiri mazingira yake, kwa hiyo akisema atajenga banda la wageni au uzio ukingoni, mwelekezeni kwanza kwa maofisa wa mazingira wa wilaya na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako hapahapa Moshi. Hali ni tofauti kama amechimba bwawa lake mwenyewe ndani ya shamba na kufuga samaki humo. Huko anaweza kuweka sharti la nzi, au la kuvua kwa mkono wa kushoto akipenda. Na hali ni tofauti tena ndani ya Hifadhi za Taifa, ambako hakuna avuaye bila kibali.

Kuhusu njia, mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo wanavijiji wengi hupoteza mto bila kujua. Hakuna anayehitaji kumkataza mtu kuvua ikiwa anaweza kumkataza kupita. Jimbo la Montana huko Marekani lilipambana na jambo hili: mwaka 1984 mahakama yake ya juu iliamua kwamba umma una haki ya kutumia mito hadi alama ya kawaida ya maji mengi, hata kama ardhi ya chini ya mto ni ya mtu binafsi, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria hiyo. Hata hivyo sheria ile haimruhusu mtu kukatiza shamba la mwenzake ili aufikie mto, kwa hiyo mahali ambapo barabara ya umma inavuka mto kwa daraja palikuja kuwa na thamani kubwa. New Zealand nako, ambako wahamiaji wengi walitoka Uingereza wakijua uchungu wa mito ya mabwana, sheria inakataza kuuza au kukodisha haki ya kuvua trauti, lakini mwenye shamba bado anaweza kumzuia mtu kupita. Nanyi fanyeni hesabu hiyo sasa: vijana wenu hufika mtoni kwa njia gani? Kama ni kwa njia ya zamani ya mifugo inayopita pembeni mwa shamba la huyo bwana, hakikisheni njia hiyo imechorwa katika mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji kabla hamjatia saini chochote. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ina sehemu inayohusu haki za njia za umma. Afisa Ardhi wa wilaya ataweza kuwaeleza utaratibu, na ni afadhali kumsumbua leo kuliko kumtafuta wakili baada ya geti kuwekwa.

Kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, lakini makubaliano ya mdomo kati ya mwenyekiti na wageni si sheria ndogo. Ni lazima wanakijiji washirikishwe, Halmashauri ya Kijiji ipitishe, na Halmashauri ya Wilaya iidhinishe. Afisa Uvuvi wa wilaya naye ahusishwe tangu mwanzo, kwa sababu leseni za uvuvi, ikiwemo ya hao wageni, ziko chini ya Sheria ya Uvuvi, na ada ya kijiji haichukui nafasi ya leseni.

Katika kuandika masharti yenyewe, nawashauri mwanzie kwa kitu mnachokijua kuliko wageni. Ninyi ni watu wa Kilimanjaro, na wazee wenu wameendesha mifongo, yaani mifereji ya kienyeji ya kumwagilia mashamba, kwa vizazi vingi. Katika mfongo, mwenye haki ya zamu ni yule aliyefika siku ya kuusafisha, na hakuna aliyewahi kuulizwa jembe lake limetengenezwa wapi. Sheria ndogo ya mto inaweza kufuata mkondo huohuo: anayeshiriki doria, kusafisha chemchemi na kuheshimu msimu wa kufunga ana zamu ya kuvua, awe ameshika mwanzi au fimbo ya nzi.

Kisha itazameni sura ya kijito chenyewe, kwa sababu maumbile yameshawagawia nusu ya kazi. Perege na kambale hukaa kwenye vilindi na maji yaliyotulia, na hao ndio wanaovuliwa na mtu aliyeketi na chubwi lake. Samaki wa jamii ya barbus hupenda maji ya mbio juu ya mawe, na huko ndiko nzi bandia hufanya kazi vizuri, wakati chambo chenye chubwi hunasa mawe tu. Ugomvi mwingi wa wavuvi hawa wawili, hata katika nchi zilizoendelea, chanzo chake ni mwendo wao: mmoja hukaa mahali pamoja, mwingine hutembea. Kwenye mito ya magharibi ya Marekani na Kanada iko desturi nzuri ambapo wavuvi huingia kwenye kilindi kwa foleni, kila mmoja akirusha kisha akisogea hatua moja kuelekea chini, na aliyefika mwisho hurudi nyuma ya foleni. Desturi hiyo huvunjika mara moja mtu mmoja akiketi katikati. Basi msiwachanganye. Vilindi viwe vya kuketi, na mtu yeyote anaweza kuketi. Maji ya mbio yawe ya kutembea, na mtu yeyote anaweza kutembea. Wageni watajikuta wamepata sehemu kubwa ya walichotaka, bila kumfukuza mtu.

Kama mkutano utapenda kuwapa wageni kipande cha kuvua na kurudisha kwa sababu ya ada, mimi sioni ubaya, ila kilomita mbili ni nyingi mno kwa kijito kama chenu. Nusu kilomita inatosha kwa majaribio ya mwaka mmoja, na iwe kwa siku maalumu za juma. Sharti la kipande hicho liwe ndoano moja isiyo na kijino na chambo bandia cha aina yoyote, ili kijana wa kijiji mwenye kijiko cha bati alichokata mwenyewe kwenye kopo aingie bila kulipa kama mgeni anavyoingia kwa kulipa. Ada iingie kwenye akaunti ya kijiji kwa stakabadhi, na sehemu yake iwalipe vijana wanaolinda mto. Mgeni asivue bila kuwa na kijana wa kijiji kama mwongozaji anayelipwa. Biashara ya namna hii ipo nchini mwetu: mito ya Mnyera na Ruhudji, katika Bonde la Kilombero, inajulikana duniani kote miongoni mwa wavuvi wa nzi bandia kwa sababu ya samaki wake wakali wenye meno, na wageni hulipa fedha nyingi kufika huko. Kijito chenu hakitafikia hapo, msidanganyike na mahesabu ya mtu yeyote, lakini mwongozaji mmoja anayelipwa kwa siku ni bora kuliko kijana mmoja aliyefukuzwa, ambaye atarudi usiku na chandarua.

Wafundisheni pia vijana wanaoendelea na nyungunyungu mambo mawili ambayo hayagharimu kitu. Wavute mapema, mshipi unapoanza tu kutembea, bila kusubiri samaki ameze. Na samaki mdogo akimeza ndoano, wakate uzi karibu na mdomo na kumwachia nayo, kwa kuwa kuing'oa kooni humuua kwa hakika zaidi kuliko kumwachia.

Limebaki lile la kupandikiza samaki, ambalo mmelitaja kana kwamba ni zawadi. Kwangu mimi ndilo la hatari kuliko yote katika ombi la wageni wenu. Mfumo wa Mto Pangani una perege wake wa asili, akiwemo Oreochromis jipe, ambaye hapatikani kwa asili mahali pengine popote, na ambaye tayari yuko hatarini kutoweka, na perege wageni kama sato wanaweza kuzaliana naye na kuuchafua uzao wake. Samaki akishaingia kwenye kijito hakuna kamati itakayomtoa, na hatabaki kwenye kilomita mbili za mtu. Andikeni katika muhtasari wa mkutano kwamba hakuna samaki wa aina yoyote atakayewekwa mtoni bila kibali cha maandishi cha mamlaka ya uvuvi, na kwamba katazo hilo linahusu pia samaki hai wanaoletwa kama chambo kutoka maji mengine. Kama wageni watasema bila kupandikiza hawana haja na mpango huu, waageni kwa heshima.